Kodi ya Johannesburg Haikupaswa Kufika Kasumbalesa

Maswali ya wasomaji: TVA (kodi ya ongezeko la thamani) na mizigo ya mpakani

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja, kila moja kwa njia yake. Mtu ananunua ng'ambo, analipa kodi huko, anafika kwetu analipa tena, halafu anarudi nyumbani akijiuliza feza yake imeliwa na nani. Nilikuwa deklaranti wa duane, yaani mwandishi wa karatasi za forodha, pale Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, kwa miaka 16, na sasa nashika hesabu za wachuuzi hapa Lubumbashi, nyuma ya Soko la Kenya. Nimewaona watu wengi wakipoteza mtaji kwa jambo hili. Wengi wao hawakuwa wezi wala wavivu, hakuna aliyewaambia. Kwa hiyo mwezi huu nawajibu kwa urefu, na wale ambao barua zao hazikupata nafasi wataona jibu lao humuhumu.

*

Jambo Mama. Nina saluni Bel-Air. Mwezi wa tatu nilienda Johannesburg nikanunua viti 8, mashine za kukausha nywele na makarai ya kuoshea kichwa. Fakture (ankara ya muuzaji) ilikuwa randi 57,500. Mzigo nilimpa mtu wa grupaji, anayekusanya mizigo ya watu wengi pamoja, alete kwa kamyo, kwa randi 6,000, mimi nikarudi kwa ndege. Kasumbalesa nikalipa duane na TVA. Sasa shemeji yangu anasema TVA nililipa mara mbili. Ni kweli? Naweza kurudishiwa? Nimekutumia picha ya fakture.
Mama wa saluni, Bel-Air

Mama, shemeji yako anasema kweli, na hasara yako ni kubwa kuliko anavyofikiri.

Picha yako nimeikuza na kuisoma mstari kwa mstari. Chini kabisa, upande wa kulia, kuna mistari mitatu ambayo nadhani hukuiangalia, maana macho ya mnunuzi hukimbilia ule wa mwisho. Wa kwanza ni bei ya vitu: randi 50,000. Wa pili ni kodi ya Afrika Kusini ya 15%: randi 7,500. Wa tatu ni jumla: 57,500. Ule mstari wa katikati ndio ugonjwa wote.

TVA, ambayo Afrika Kusini na Zambia wanaiita VAT, ni kodi ya mlaji. Wachuuzi wanaikusanya njiani, lakini anayeibeba ni yule anayekitumia kitu mwishoni. Ndiyo maana nchi zinazofanya biashara zimeshika kanuni moja: kodi hii ni ya nchi ambako kitu kitatumiwa, si ya nchi kilikonunuliwa. Shirika la OECD la Paris limeiandika kanuni hiyo wazi katika mwongozo wake wa kimataifa uliochapishwa 2017, lakini nchi zilikuwa zikiifuata zamani kabla ya hapo. Kitu kikitoka nchini kinavuliwa kodi ya nchi hiyo, yaani kinauzwa kwa asilimia sifuri. Kikiingia nchi nyingine kinavishwa kodi ya huko. Viti vyako watu watavikalia Bel-Air, basi kodi yake ni ya Kongo, 16%. Afrika Kusini haikuwa na haki ya randi hata moja, na sheria yake yenyewe inakubali hivyo. Ila haiwezi kuvivua kodi viti ambavyo haijaviona vikitoka.

Sasa tuhesabu. Nahesabu kwa randi tu ili tusichanganye, nachukua ushuru wa 20%, na ada nyingine za mpakani naziacha kando. Kama ungenunua kwa bei iliyovuliwa kodi, thamani ya mzigo ingekuwa 50,000 na usafiri 6,000, yaani 56,000. Ushuru 11,200. TVA ya kwetu inahesabiwa juu ya vyote viwili, 67,200, nayo ingekuwa 10,752.

Wewe ulifika na 57,500. Ongeza usafiri, 63,500. Ushuru ukawa 12,700. TVA ikahesabiwa juu ya 76,200, ikawa 12,192. Watu wa duane hawakukosea, Mama, tafadhali usiende kugombana nao. Wao wanahesabu feza uliyoitoa kweli, na zile 7,500 ulizitoa na hukurudishiwa, kwa hiyo zimekuwa sehemu ya bei. Ushuru umezidi 1,500, TVA ya kwetu imezidi 1,440, na ile 7,500 yenyewe imebaki Johannesburg. Jumla randi 10,440. Umelipa kodi ya Kongo juu ya kodi ya Afrika Kusini.

Kurudishiwa? Kwa mzigo huu, hapana, na inaniuma kukuandikia hivyo. Afrika Kusini inayo ofisi ya kumrudishia mgeni VAT ya vitu alivyotoka navyo, ikiwa fakture inafika randi 250. Lakini inataka vitu vitoke nchini ndani ya siku 90 tangu tarehe ya fakture, tena duane yao ivione na kugonga muhuri juu ya fakture yenyewe ya asili. Fakture yako ya asili ilikuwa ndani ya mkoba wako kwenye ndege, na viti vilikuwa Beitbridge, mpaka wa Afrika Kusini na Zimbabwe, ndani ya kamyo. Hakuna aliyegonga kitu.

Safari ijayo una njia mbili. Ya kwanza ni hiyo ya kulipa VAT na kurudishiwa, na kwa mzigo wa grupaji ni ngumu, maana inataka fakture ya asili isafiri pamoja na mzigo na dereva asimame duane kwa ajili yako wakati ana wateja wengine 30 ndani ya kamyo. Ya pili ndiyo ninayokusihi: kabla ya kutoa feza, mwambie muuzaji kwamba unataka yeye ndiye apeleke mzigo nje ya nchi. Yeye amkodi msafirishaji, yeye aandike Lubumbashi kama mahali pa kufikisha, yeye abaki na karatasi za kutokea. Hapo anaruhusiwa kukuandikia fakture ya asilimia sifuri. Wauzaji wakubwa wanaijua kazi hiyo. Wadogo wengi watakataa, kwa sababu duane wasipopata ushahidi, kodi inawaangukia wao. Akikataa, angalau utajua kwamba bei yake kwako ni 57,500 na si 50,000, na utailinganisha na ya duka la pili.

Nakuambia haya kama mtu aliyekwisha kuumiza mwenzake. Mwaka 2013 nilikuwa na mteja wa masufuria, ananunua Zambia. Mizigo mitatu mfululizo nilichukua mstari wa mwisho wa fakture nikauingiza kwenye deklarasioni, na sikumuuliza hata mara moja kwa nini analipa kodi ya Zambia. Ndugu yake ndiye aliyekuja kunionyesha kwa kidole. Nilimrudishia malipo yangu ya mizigo ile mitatu, lakini kodi haikurudi. Tangu siku ile fakture naianza kusoma kutoka chini kwenda juu.

*

Mama, aksanti kwa kazi yako. Nauza rangi na mabomba ya plastiki Katuba. Muuzaji wangu wa Kitwe, Zambia, tumefanya naye kazi miaka 5 bila maneno. Sasa ananiambia kila mzigo nimtumie kopi ya karatasi za duane ya Kongo, la sivyo ataniongezea 16%. Karatasi zangu anazitakia nini? Naogopa ananichunguza.
Baba wa Katuba

Baba, hakuchunguzi. Anajilinda, na akijilinda yeye umelindwa na wewe.

Zambia ilianza VAT tarehe 1 Julai 1995, na leo kiwango chao ni 16%, sawa na chetu. Watu wengi wanaona usawa huo wanadhani ukilipa upande mmoja umemaliza. Hapana. Hazina ni mbili. Ukilipa 16 Kitwe na 16 Kasumbalesa, mzigo wa dola 100 unafika 134.56 kabla ya ushuru na usafiri, kwa sababu ya pili inapanda juu ya ya kwanza. Na hata kama umeandikishwa kwa TVA hapa, ile ya Kasumbalesa utaikata kwenye deklarasioni yako ya mwezi kwa DGI, ofisi yetu ya kodi, lakini ya Zambia haikatwi Kongo hata ukiipeleka na mihuri 10. Imekwisha kuwa hasara.

Sasa muuzaji wako. Akikuuzia kwa sifuri, maana yake anaiambia serikali yake: "Mzigo huu umetoka nchini." Serikali inamwuliza: "Ushahidi uko wapi?" Zambia ilishawahi kulishika jambo hili kwa ukali hata likatikisa migodi. Iko kanuni ya 18 ya VAT yao. Ilitaka anayeuza nje alete pia karatasi ya duane ya nchi kitu kilikofika. Kuanzia 2013 mamlaka ya mapato ikaifuata neno kwa neno. Migodi ya shaba ikakwama: shaba inauzwa kwa kampuni ya Uswisi, njiani inauzwa tena, inashukia bandari ambayo aliyeichimba haijui. Karatasi ya duane ya mwisho ataitoa wapi? Marudisho ya mamia ya mamilioni ya dola yakazuiwa, na mabishano yakaendelea mpaka 2015, serikali ilipoilegeza kanuni.

Hadithi hiyo ni ya migodi, lakini muuzaji wako wa Kitwe aliishi ndani yake. Leo bado anahitaji karatasi za kutokea zenye muhuri wa duane ya Zambia, karatasi ya msafirishaji, na ushahidi kwamba ulimlipa. Mwenye akili anaongeza na karatasi ya Kongo, maana siku mkaguzi akiingia, hakuna jibu linalozidi lile la nchi ya pili. Mtumie. Mtumie deklarasioni na kitansi (risiti ya malipo), siku ileile.

Lakini liko neno moja, Baba, nalisema kwa heshima kwa sababu hukulitaja. Wako wanaoogopa kutuma karatasi kwa kuwa fakture ya Kitwe inasema dola 10,000 na deklarasioni ya Kasumbalesa inasema 6,000. Kama wewe ni mmoja wao, uoga wako una sababu. Karatasi mbili za mzigo mmoja zikikaa kwenye faili moja zinasemezana. Nimeona mizigo ikishikwa wiki nzima, feni ya ofisi inazunguka, mtu anatoka jasho, na aliyempunguzia bei hayuko tena. Ile feza uliyoikwepa kwenye TVA ya kwetu ni ileile unayoilipa kwa kukosa sifuri ya Zambia. Hujapata kitu, na sasa umeshikwa pande mbili.

*

Tantine, mimi ni mwanafunzi wa uchumi UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kwa nini mchele wa Tanzania bado unalipiwa TVA ukifika? Si tungeweka kiwango kimoja nchi zote, mambo yakaisha?
Mwanafunzi, Lubumbashi

Mdogo wangu, umeuliza maswali mawili, na la pili ndilo zuri.

La kwanza ni fupi. Jumuiya za biashara zinaondoa ushuru wa forodha, yaani ile kodi inayotozwa kitu kwa sababu tu kimevuka mpaka. TVA si kodi ya kuvuka. Mchele uliolimwa kwetu na kuuzwa na kampuni iliyoandikishwa unashika sheria ya TVA ya Kongo, na wa Mbeya ukifika unashika sheria hiyohiyo. Tukiusamehe ule unaotoka nje tu, tutakuwa tumemwadhibu mkulima wa hapa. Jumuiya haikutuahidi kuondoa TVA, hata kama redioni watu walisikia hivyo.

La pili. Angalia viwango kwanza: Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi ni 18%. Kenya na Kongo ni 16%. Zambia 16%, Afrika Kusini 15%. Ziko karibu sana, kuliko za Ulaya, ambako Luxembourg ni 17% na Hungary 27%. Afrika ya Magharibi, nchi za UEMOA zilikubaliana tangu 1998 kwamba kila moja ichague kati ya 15 na 20. Basi kama dawa ingekuwa kiwango kimoja, sisi tungekuwa tumekwisha kupona.

Ulaya waliondoa duane kati yao tarehe 1 Januari 1993. Kamyo ikawa inatoka Ufaransa kwenda Ubelgiji bila kusimama. Lakini kila nchi ilibaki na TVA yake, na kanuni ya kuvua na kuvisha ikabaki: muuzaji anauza nchi ya pili kwa sifuri, mnunuzi anajitangazia mwenyewe kodi ya kwao. Mahali pa mlinzi wa mpakani pakakaa karatasi na kompyuta.

Hapo wezi wakaona mlango. Mtu ananunua simu nchi jirani kwa sifuri. Anaziuza kwao kwa mwenzake, anamtoza TVA, anaiweka mfukoni, anafunga ofisi, anapotea. Mwenzake anaziuza kwa wa tatu. Wa tatu anazirudisha nchi ya kwanza, kwa sifuri, na anaidai serikali imrudishie TVA ambayo hazina haikuipokea kamwe. Kisha simu zilezile, katika makatoni yaleyale, zinaanza safari upya. Wanaita karuseli, kama farasi wa mbao wa watoto. Ulaya ilipoteza mabilioni ya yuro hivyo, na dawa waliyoitafuta haikuwa kulinganisha viwango. Ilikuwa kufanya ofisi za kodi zisemezane haraka: namba ya TVA ya mteja inathibitishwa kabla ya kuuza, na mauzo ya sifuri ya nchi moja yanaonekana na nchi ya pili.

Na sisi? Kongo iko jumuiya tatu: COMESA ya Mashariki na Kusini mwa Afrika, SADC ya Kusini mwa Afrika, na Afrika Mashariki. Zambia iko mbili za kwanza tu. Tanzania ilitoka COMESA mwaka 2000. Afrika Kusini, kati ya hizo tatu, iko SADC peke yake. Mzigo mmoja kutoka Dar es Salaam unapita Tunduma na Nakonde, unaivuka Zambia bila kulipa VAT ya huko kwa sababu unapita tu, chini ya dhamana, na unavishwa kodi Kasumbalesa. Kamyo ya pili iliyopaki pembeni yake imetoka Durban na sheria nyingine. Ukitaka kiwango kimoja, utakipatanisha na jumuiya gani kwanza?

Ninachokitamani mimi ni kidogo zaidi na ni kigumu zaidi. Duane ya Zambia inatumia programu ya Sydonia, ile ya Umoja wa Mataifa iliyotengenezwa Geneva. Duane yetu, DGDA, inatumia Sydonia hiyohiyo. Kwa Kiingereza wanaiita ASYCUDA, lakini ni kitu kimoja. Miaka yangu ya kazi pale, uzio ulikuwa katikati, huku kompyuta ina Sydonia, kule kompyuta ina Sydonia, na mimi nimeshika bahasha ya kaki yenye karatasi 14, navuka kwa miguu kati ya makamyo ili upande wa pili uamini jambo ambalo upande wa kwanza umekwisha kuliandika. Wakati wa mvua niliifunga ndani ya mfuko wa sukari. Mwanafunzi wa uchumi, kama unatafuta kichwa cha mémoire ya kumalizia masomo, njoo ofisini, nitakuonyesha hizo karatasi 14 moja moja.

Usiseme pia kwamba TVA yenyewe ni mkosi. Kabla ya tarehe 1 Januari 2012 tulikuwa na kodi ya mauzo iliyoitwa ICA, na hiyo haikukatwa: kila aliyekishika kitu aliongeza kodi juu ya kodi. TVA, iliyowekwa na sheria ya Agosti 2010, ilikuja kuondoa hilo. Mwezi ule wa kwanza bei zilipanda kwa sababu wengi waliongeza 16% juu ya bei ambayo ICA ilikuwa bado ndani yake. Namkumbuka mama mmoja aliyekuja kuniuliza kama mafuta ya kupikia yamehamia nchi nyingine. Kodi ilikuwa nzuri kuliko ya zamani, lakini hakuna aliyewafundisha wachuuzi kuivua ile ya kwanza.

*

Yaya, natengeneza video na picha za arusi. Kila mwezi nalipia programu na matangazo ya intaneti kwa kadi, kwa makampuni ya Ulaya na Marekani. Fakture hazina TVA. Nina kosa?
Kijana wa Kampemba

Hazina TVA ya kwao kwa sababu ileile ya viti vya Bel-Air: huduma inatumiwa hapa, si kwao. Kuvua, wamevua. Kuvisha ndiko kugumu, maana programu haipiti Kasumbalesa. Afrika Kusini ilianza 2014 kuyadai makampuni ya kigeni yajiandikishe kwao. Ulaya inao mlango mmoja, uliopanuliwa 2021, ambako kampuni inajiandikisha nchi moja na kulipia nchi zote 27. Kwetu sheria inamtaka mgeni achague mwakilishi hapa nchini. Asipochagua, TVA inalipwa na mteja kwa niaba yake. Mteja ni wewe, kijana. Kama una kampuni iliyoandikishwa, mpe mtu wako wa hesabu taarifa za kadi za kila mwezi, azitangaze mwenyewe. Ukisubiri mkaguzi azikute benki, utalipa na adhabu.

*

Mama, nauza samaki wakavu, biringanya na vitenge pale Kasumbalesa, navuka mara tatu kwa wiki. Wanasema wachuuzi wadogo hatulipi kitu. Mbona nalipishwa?
Mama wa Kasumbalesa

Mama yangu, uko utaratibu rahisi wa COMESA kwa wachuuzi wadogo: kama vitu viko kwenye orodha ambayo nchi mbili zimekubaliana, na thamani haizidi kiwango kilichowekwa, unajaza karatasi fupi na unasamehewa ushuru wa forodha. Ushuru tu. TVA haimo katika msamaha huo, wala ada za ofisi nyingine. Omba uonyeshwe orodha iliyobandikwa, na kwa kila unacholipa omba kitansi. Anayekataa kukupa kitansi hajachukua kodi.

Halafu kuna hili: kwetu anayeandikishwa kwa TVA ni yule ambaye mauzo yake ya mwaka yanafika franga milioni 80. Wewe uko chini. Maana yake huitangazi TVA kila tarehe 15 kama wakubwa, lakini pia huwezi kuikata ile uliyolipa mpakani. Iingize kwenye bei ya kitenge, usiifiche ndani ya faida yako ukajidanganya. Na usikubali kamwe mteja akuombe fakture yenye mstari wa "TVA 16%" ili akate kwake. Kwa sheria yetu, anayeiandika TVA kwenye fakture anadaiwa TVA hiyo, hata kama hakuandikishwa.

*

Mama, nishike karatasi gani, na kwa muda gani?
Wengi wameuliza

Fakture ya asili ya muuzaji, karatasi ya kutokea ya nchi ya muuzaji, karatasi ya msafirishaji, deklarasioni ya DGDA, kitansi ya malipo, na karatasi ya benki inayoonyesha ulimlipa muuzaji. Zote za mzigo mmoja kwenye bahasha moja, na tarehe ya mzigo juu yake. Sheria za OHADA, yaani sheria za biashara za pamoja za nchi kadhaa za Afrika, ambazo Kongo inazifuata tangu Septemba 2012, zinataka karatasi za hesabu zikae miaka 10.

Zile kitansi ndogo za mashine, zinazotoka kwenye karatasi laini inayong'aa, msiziamini. Joto la Kasumbalesa linazifuta. Nina bahasha ya mteja wangu mmoja, ya 2019, imeandikwa vizuri kwa kalamu ya bluu, na ndani yake vipande 11 vyeupe kabisa. Pigeni fotokopi siku ileile, kabla ya kupanda basi la kurudi.